Baraka Chini ya Godoro

Hakuna aliyewahi kumwona Fundi Msumari akikimbia. Kutembea, ndiyo, tena kwa mwendo wa mtu anayepima sakafu kwa nyayo. Lakini asubuhi ile muuza mkaa wa kona alimwona akipita mbio, msumeno mkononi, mzigo wa mbao begani, penseli sikioni, kandambili moja mguuni na ya pili sijui wapi. Muuza mkaa akaacha kupima, akashika kiuno.

"Mzee, kuna moto?"

"Kitanda!" akajibu Fundi, akapita.

Nyuma yake alikuja shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, mtu wa tumbo na pumzi fupi. Mtaani alijulikana kwa jina la Tarumbeta, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hata wakati huo, akihema kama mvukuto, bado alikuwa akisema.

"Shemeji! Ngoja basi! Haraka haraka haina baraka!"

Fundi aligeuza shingo bila kupunguza mwendo. "Baraka zenyewe ndizo ulizozitoa!"

Muuza mkaa hakuelewa kitu. Na angeelewaje? Mambo hayo yalianza mbali kidogo na kona yake.

Fundi Msumari alikuwa seremala wa vitanda. Milango alitengeneza akibembelezwa, makabati akilazimishwa, lakini vitanda alivipenda. Jina la Msumari alipewa na wateja: neno lake alilipiga mara moja, likaingia, basi. Hakurudia. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe. Ukiuliza bei, alijibu mke. Ukiuliza kitanda kitakwisha lini, alijibu mke. Ukimuuliza Fundi mwenyewe kaamkaje, alimtazama mkewe kwanza, naye mke akasema, "Kaamka salama, ila mgongo." Na kweli ilikuwa mgongo. Watu walisema nyumba ile ina mikono minne na ulimi mmoja.

Mke alipokufa, ulimi ulikwenda naye. Fundi aliamka, akafungua karakana, akapiga randa, akafunga karakana, akalala. Tarumbeta, aliyefanya kazi naye kwenye meza ya pili tangu wote wana nywele nyeusi, ndiye aliyebaki kujibu wateja. Lakini haikuwa sawa. Marehemu alisema yaliyokuwa moyoni mwa Fundi. Tarumbeta alisema yaliyokuwa tumboni mwa Tarumbeta.

Sasa, kabla ya kufa kwake, yule mama alikuwa ameanza kusoma. Kulikuwa na darasa la watu wazima, asubuhi, katika stoo nyuma ya zahanati. Alikwenda siku chache tu. Alirudi na chaki kwenye vidole na kicheko kisichokwisha, akachovya kidole kwenye chai akamwandikia mumewe herufi juu ya meza. "Tazama! Hii inaitwa A. Inakaa miguu nje kama wewe." Kisha akaugua, na ugonjwa haukumpa nafasi ya kufika mbali.

Baada ya msiba kutulia, Fundi alichukua kibao cha kuandikia cha mkewe akaenda kukirudisha. Njiani alipanga maneno ya kumwambia mwalimu. Yalikuwa mawili: hatakuja tena. Akayashika mdomoni kama anavyoshika misumari.

Mwalimu alikuwa binti wa umri wa wajukuu, sauti kama kengele ya shule. Alikuwa amewapa wanafunzi mgongo, akiandika ubaoni. Alisikia mlango.

"Umechelewa. Waliochelewa wanakaa mbele. Kaa."

"Mwalimu..."

"Kaa, babu. Tunaanza."

Fundi alilitazama lile benchi. Akakaa. Somo lilipokwisha alikuwa ameandika herufi moja iliyoinama kama chungu kinachovuja, na yale maneno mawili bado yalikuwa mdomoni. Kesho yake alirudi ili ayaseme. Akakaa tena. Keshokutwa pia. Mwisho mwalimu aliambiwa na wengine yule babu ni nani na kibao kile kilikuwa cha nani. Aliacha tu kumwita mchelewaji.

Na tuseme ukweli: herufi zilimshika. Zilimshika kama mchezo unavyomshika mtoto. Alianza kuziona kila mahali, kwenye sabuni, kwenye gunia la saruji, kwenye makalio ya lori. Alisimama katikati ya duka la vifaa, kopo mkononi, midomo ikicheza: "Ra... ngi. Rangi! Ya... ma... mafuta. Rangi ya mafuta!" Muuza duka akamwambia, "Mzee, ulikuwa unanunua nini miaka yote hii?" Fundi alitoka pale na kopo lake, akilisoma tena njiani. Alijisikia kama mtu aliyelala miaka na miaka karibu na chumba akidhani hakina mtu, kumbe kimejaa watu wanaozungumza.

Siku moja mwalimu akatoa kazi ya nyumbani. "Kila siku mtaandika baraka moja. Moja tu. Kitu ulichopewa siku hiyo, hata kiwe kidogo kama punje. Mnaanza na neno Leo. Nani ana mfano?"

Mama mmoja mfua nguo akainua mkono. "Leo nimepata sabuni yenye povu."

Darasa likacheka. Mwalimu akamgeukia Fundi. "Na wewe, babu?"

"Mimi nimenyang'anywa," akasema Fundi.

Kicheko kikakatika. Mwalimu hakumkemea wala hakumpa pole. Alisema, "Basi nenda ukaandike hilo."

Akaenda. Karatasi ikamshinda palepale. Mkono wa seremala umezoea kukandamiza, na penseli yake ilikuwa ile pana ya kazi. Kila alipovuta mstari, karatasi ilichanika. Akaitupa. Nyuma ya mlango wa karakana kulikuwa na chaga, zile mbao nyembamba zinazopangwa chini ya godoro kubeba mlalaji. Akachukua moja, akailaza mapajani. Hapo mkono ukatulia. Mbao ilimjua, naye aliijua.

Lakini lile neno lake lilikuwa refu! Kunyang'anywa kuna herufi nyingi, na zenyewe zimebanana kama abiria. Alifuta, akaanza upya, akafuta. Alipokuwa anajikuna kichwa, maji yakachemka. Akatengeneza chai. Akanywa. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu hasa, na alishtuka, maana tangu msiba alikuwa akinywa chai bila kujua ina ladha gani. Akarudi kwenye chaga, akaandika alichoweza:

LEO CHAI.

Akaitazama mpaka jua likapanda dirishani. Ameandika! Akaongeza namba moja pembeni, maana namba alizijua tangu ujana, kwa tepu ya kupimia. Akaisimamisha nyuma ya mlango, maandishi yakitazama ukuta.

Kesho yake akaandika nyingine, akaitia namba yake. Leo mvua haikuingia ndani. Leo msumeno umekata vizuri. Leo nimelala. Na jambo likaanza kumtokea mzee yule asilolitarajia: akawa na hamu. Aliamka akijiuliza, leo itakuwa nini? Alipita njiani akichungulia kama mtu aliyedondosha skrubu, kwamba iko hapahapa, ni kuitafuta tu. Wakati mwingine aliipata mapema, katikati ya kazi, na hakuweza kujizuia.

"Nimeipata!" alisema, na randa ikasimama.

"Umepata nini, shemeji?" Tarumbeta akauliza.

"Kazi."

"Kazi gani, na umeacha kufanya kazi?"

Fundi akainamia mbao, na mabega yakatikisika kidogo kwa kicheko. Tarumbeta alirudi kwake siku hiyo akamwambia mkewe kwamba shemeji ama anapona ama anachanganyikiwa.

Kisha ikaja siku mbaya. Mvua tangu alfajiri. Msumeno ukakatika meno. Mteja wa kabati akaja kusema hataki tena kabati. Gundi iliyopikwa kwa kwato za ng'ombe ikaungua jikoni, karakana nzima ikanuka. Jioni Fundi alikaa na chaga yake mapajani hana la kuandika. Alitazama huku na huku. Macho yakaangukia ukingo wa meza yake ya kazi, upande wa dirisha, pale mkewe alipokuwa akikaa kila siku, miguu ikining'inia, akizungumza na wateja kwa niaba yake. Pale mbao ilikuwa imelainika. Randa haikupita pale wala msasa. Ilikuwa imelainishwa na kukaliwa, miaka yote ile, na mtu mmoja. Fundi aliweka kiganja. Hakuna fundi angeweza kuilainisha hivyo.

Safari hii hakuanza na Leo. Akaandika:

NILIPEWA MWENZANGU.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita, Mwenzangu, tangu siku ya kwanza. Tangu kaburini hakuwa amelitamka. Kila alipojaribu, koo lilifunga. Sasa lilikuwa pale, limekaa juu ya mbao, herufi zake zote, na hakuna aliyemnyang'anya. Mzee ambaye hakulia msibani alilia siku ile mpaka penseli ikateleza vidoleni. Na tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha, aliigeuza ile chaga, akapitisha kidole juu ya lile neno, akairudisha. Mdomo bado ulikataa. Kidole kilisema kwa niaba yake.

Hiyo ndiyo mali iliyokuwa nyuma ya mlango.

Sasa sikia kilichotokea. Kulikuwa na kitanda cha mwoka mikate wa mtaa wa pili. Mkewe, muuguzi, alikuwa na ujauzito mkubwa, na kitanda chao cha zamani kilikuwa kikilia kama mbuzi. Kitanda kipya kilikuwa tayari, mchago, ule ubao wa kichwani, umepigwa vanishi, mbavu zimekaza. Zilibaki chaga tu. Asubuhi ile, Fundi akiwa darasani, mwoka mikate akaja na mkokoteni, unga mpaka kwenye nyusi.

"Daktari kasema mke wangu alale, asisimame! Na kitanda cha zamani kimevunjika jana! Nipeni kitanda changu!"

Tarumbeta ana mdomo, lakini moyo wake ni mzuri. Akaangaza huku na huku. Chaga! Akachungulia nyuma ya mlango. Zile pale, kavu, zimenyooka, tena zina namba moja baada ya nyingine, kama seremala anavyotia namba chaga ili kila moja ijue mahali pake.

"Huyu shemeji yangu!" akapiga kofi. "Hasemi, kumbe kila kitu kashaandaa!"

Tarumbeta hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Ile michoro mingine ya penseli aliyoiona aliichukulia kuwa alama za kazi tu, kata hapa, toboa pale. Akapima, akapunguza ncha zilizozidi, akazipanga kwa namba zake, akajaza pengo lililobaki kwa chaga za kawaida, akafunga kamba, akausukuma mkokoteni mpaka barabarani akimtakia mteja heri na watoto mapacha.

Fundi aliporudi alipeleka mkono nyuma ya mlango. Mkono ukashika ukuta.

"Shemeji. Chaga zangu."

"Zimekwenda! Kitanda cha mwoka mikate! Nimekuokolea mteja, utanishukuru baadaye."

"Zote?"

"Zote zenye namba."

Fundi alishika meza. "Zilikuwa na maneno."

"Maneno?" Tarumbeta akacheka, kisha akamtazama usoni, kicheko kikakauka. "Maneno gani, shemeji?"

"Ulizikata?"

"Nilipunguza ncha. Ningefanyaje, na upana wa kitanda..."

Hakumaliza. Fundi alikuwa keshabeba chaga mpya begani na msumeno mkononi, na kandambili moja ilikuwa imebaki kizingitini.

Ndiyo mbio zile alizoziona muuza mkaa. Na akilini mwa mzee mlikuwa na jambo moja tu likigonga: ncha. Neno lile lilikuwa kwenye ncha. Shemeji kakata wapi?

Nyumba ya mwoka mikate ilikuwa nyuma ya tanuri lake, ukifika unafika kwa pua. Fundi alikuta mlango wazi. Alikuwa anainua mkono kubisha aliposikia sauti ya mwanamke ndani, inasoma polepole kama mtu anayeonja.

"'Leo... mvua... haikuingia ndani.' Unasikia, baba? Mtu kashukuru kwa kutonyeshewa!"

"Na mimi nashukuru kwa kitanda hiki," ikajibu sauti ya mwanamume. "Tazama ninavyojitupa."

Ukafuata mshindo mkubwa hasa. Fundi akaingia bila hodi.

Mwoka mikate alikuwa katikati ya kitanda, chini, amekunjika kama mkate wa kukunja, miguu juu, godoro limemmeza. Pembeni, kwenye kiti, miguu yake juu ya gunia la unga, alikaa mkewe akicheka kwa kushika tumbo.

"Babu fundi!" mwoka mikate akaita toka shimoni. "Kitanda chako kimenila!"

"Si kitanda," mke akasema akifuta machozi. "Ni mimi. Tulipokuwa tunaweka godoro nikaona maandishi. Nikamwambia azitoe zote nisome. Kisha nikazipanga upya, za kuchekesha kichwani, za usingizi miguuni."

Fundi aliona mara moja. Kila chaga ilikatwa kwa mahali pake, na binti huyu, yule muuguzi, alikuwa amezichanganya kama karata. Fupi zilikuwa zimeangukia mahali papana. Siku nyingine angekasirika. Leo alikuwa amekwama kwenye neno moja. Nisome.

"Umesoma?" akauliza.

"Zote! Mara mbili! Niambie, babu, si ni wewe uliyeandika? Tumegombana tangu kitanda kifike. Kuna moja imekatwa ncha. 'Leo jirani amenipa', halafu basi, msumeno umepita. Huyu anasema alikupa mkate, maana yeye kichwani ana mikate tu. Mimi nasema alikupa matusi. Kakupa nini?"

"Paka," akasema Fundi.

"Paka?"

"Panya wanakula gundi yangu."

Yule binti alicheka mpaka mumewe akamwambia awe na huruma na mtoto. Na Fundi Msumari, akiwa na kandambili moja katika nyumba ya watu, akaona mdomo wake mwenyewe umevutika kando. Walikuwa wamekaa muda wote ule wakigombania maneno yake! Neno lake lililokatika lilikuwa limewafanya watu wawili waumize vichwa!

Tarumbeta akafika hapo, akaegemea mlango, jasho likimtiririka. "Hodi... jamani... maji..."

"Karibu, baba. Ngoja, kuna nyingine naipenda." Muuguzi akaokota chaga. "'Leo shemeji amenyamaza kidogo.' Babu, huyo shemeji ni nani, masikini?"

Tarumbeta alimtazama Fundi. Fundi alitazama dari.

"Ni mimi," akasema Tarumbeta taratibu. "Imeandikwa hivyo kweli? Hapo, kwenye mbao?"

"Imeandikwa."

"Na mimi mwenyewe nimeipanga kwa mkono wangu ndani ya kitanda cha watu!" Akapiga paja, akacheka kwa nguvu kuliko wote, akakaa sakafuni. "Lakini, shemeji, ilikuwa siku gani hiyo? Sikumbuki kunyamaza."

"Ulikuwa unaumwa jino."

Ndipo Fundi alipoiona ile chaga. Haikuwa pamoja na nyingine. Ilikuwa mapajani mwa yule binti, chini ya mkono wake, kama mtu anavyomshika paka aliyelala. Akanyoosha kidole tu.

"Hii?" binti akasema, na kicheko kikampungua usoni. "Hii nilikataa kuiweka chini. Mtu hawezi kulilalia neno kama hili." Akaiinua, akasoma. "'Nilipewa mwenzangu.'"

Fundi Msumari akakaa juu ya gunia jingine la unga.

Alikuwa hajawahi kulisikia likisomwa. Alikuwa amelipitishia kidole, amelitazama, lakini sikio halikuwa limelipata tangu siku ya kaburi. Na sasa linatoka kinywani mwa mtu asiyemjua, zima, bila kukatwa hata nukta, katika chumba kinachonuka mikate, na koo likafunguka kama mlango uliolowa mvua ukikauka.

"Mwenzangu," akasema.

Akasema tena. "Mwenzangu alikuwa mfupi. Akikaa juu ya meza yangu miguu haigusi chini. Alikuwa anacheka kabla hujamaliza hadithi. Alikuwa anajibu wateja, mimi napiga randa. Wakinipunja, anawaambia, 'Ongeza, huyu anaona haya.' Alikuwa anaweka chumvi mara mbili kwa kusahau na mimi nakula. Alinionyesha A. Akasema inakaa miguu nje kama mimi." Akahema. Akatazama mikono yake, akashangaa kuona bado ana maneno. "Alikuwa mzuri sana wa kusema. Sana. Ungempenda."

"Nimeshampenda," akasema muuguzi.

Tarumbeta alikuwa ameinamisha kichwa, maana marehemu alikuwa dada yake. Kisha akasema chini kwa chini, "Hiyo sikuikata, shemeji. Nilizipima zote. Hiyo ilitosha yenyewe. Niliiweka ya katikati, kwenye uzito."

Fundi alinyoosha mkono. Binti akaivuta chaga kifuani.

"Babu, nakuomba. Niachie. Nimeamriwa kulala mpaka mtoto aje. Nitatazama nini, dari? Chukua kitanda chote ukitaka, hii niachie."

"Hapana."

Lilikuwa neno la msumari, na lilikwenda mpaka mwisho. Binti akaelewa. Akampa kwa mikono miwili, macho yamelowa, akatazama pengo lililobaki kitandani. Mumewe, aliyekwisha kujinasua kwenye godoro, akasema kwa upole, "Itabidi kuwe na kitu pale katikati, mzee."

"Nitaandika nyingine," akasema Fundi.

"Utaileta lini?"

"Sasa."

Akasimama. Miguu ilikuwa na moto. Alizitoa chaga zote, akazirudisha kila moja mahali pake. Mkono ulikwenda wenyewe, moja, ya pili, ya tatu. Alipima pengo, akaweka chaga mpya juu ya kiti, akakata. Unga wa mbao ukaangukia unga wa ngano. Kisha akailaza chaga mapajani, akachomoa penseli sikioni, na hapo ndipo alipotambua kwamba watu watatu wanamtazama. Hakuwahi kuandika mbele za watu. Hata darasani aliziba kwa mkono. Na baraka ya kuandika hakuwa nayo. Siku ilikuwa imekwenda kwa mbio tupu, hakuwa amepata hata nafasi ya kuitafuta.

"Ziba macho, shemeji," akamwambia Tarumbeta.

"Mimi sijui kusoma!"

"Ziba tu."

Tarumbeta akaziba, vidole vimeachana. Fundi akatazama kile chumba. Kitanda chake. Unga sakafuni. Huyu binti aliyesoma mara mbili. Na baraka ikamjia yenyewe, ya haraka na kubwa, hata akaogopa isimponyoke kabla hajafika mwisho wake. Penseli ikashuka. Aliandika akikandamiza, ulimi nje, herufi moja ikawa kubwa kuliko jirani yake na nyingine ikapanda mlima, lakini hakufuta. Alipomaliza alipuliza vumbi, akampa muuguzi.

Binti aliitazama. Akaisoma kimya kwanza, midomo ikicheza, kisha akainua uso.

"'Leo nimesomwa.'"

"Eh!" akasema Tarumbeta, akaondoa mikono usoni. "Imesema hivyo?"

"Imesema hivyo, baba."

Mwoka mikate akatoka mbio, akarudi na mkate wa tanurini, moto, hauwezi kushikika, akaurusha toka mkono mmoja kwenda wa pili mpaka ukatua mapajani mwa mzee juu ya chaga aliyoichukua. "Kula, babu! Na wewe, shemeji wa mbao, kula! Mke wangu, lete hiyo chaga niiweke pale, ulale, daktari asije akaniua."

"Iweke," akasema muuguzi, akimpa.

"Bado," akasema Fundi. Alikuwa na mkate mdomoni, umemuunguza, na hakujali. "Mrudishie mkeo kwanza. Asome tena."